Mlelewa wa Namna Gani?

Septemba 9

Karatasi hii ina doa la wino upande wa mbele, kubwa kama yai. Baba ameniambia niitupe. Siitupi. Kuanzia leo kila karatasi anayoiharibu kwa kubadilisha mawazo katikati ya sentensi ni yangu mgongoni. Mbele yatakaa mambo ya wafalme na maaskofu, nyuma nitaweka ya nyumba hii, hasa yale ninayoambiwa ninyamaze.

Baba ni Filagrio, aliyekuwa wakili barazani hapa Konstantinopoli miaka thelathini. Sasa macho yake yameingia ukungu. Mwanga anauona, na kivuli cha mtu anayepita dirishani, basi. Yeye anasema, mimi naandika, halafu namsomea, halafu anasema hakusema hivyo. Tunaandika historia ya Kanisa na wafalme. Tumefika kitabu cha tano: sheria za Warumi wa kale, na jinsi wafalme Wakristo walivyozilainisha. Sisi nasi tunajiita Warumi, ingawa Roma yenyewe hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuitia machoni.

Septemba 10

Nimecheka leo mpaka mbavu zikauma, na sasa naona haya.

"Andika," Baba alisema. "Kwa Warumi wa kale, mtu aliyemuua baba yake alishonwa ndani ya gunia la ngozi pamoja na mbwa, jogoo, nyoka na nyani, akatupwa mtoni."

"Nyani walimpata wapi?"

"Andika, Anthusa."

"Naandika. Nauliza tu. Mtu kamuua baba yake, mji mzima unalia, halafu serikali inazunguka sokoni kutafuta nyani?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Shangazi Domnina, dada yake, akachungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Mnachekea nini wakati dengu zinaungua?"

"Nyani, Shangazi."

"Nyani ni wewe. Njoo ukoroge."

Nilikoroga. Lakini nilipokuwa nakoroga nikawaza yule jogoo gizani ndani ya gunia, na yule mtu, na kicheko kikaniishia.

Septemba 14

Mvua ya kwanza. Samaki jodari wameanza kushuka kutoka bahari ya juu na nyumba nzima inanuka chumvi. Shangazi amenishikisha kisu tangu asubuhi.

Septemba 15

Jodari.

Septemba 18

Jodari tena. Nilimwambia Shangazi kwamba Baba ananingoja na kalamu. Akasema, "Kalamu haitakulisha siku zote. Toa utumbo, osha, tia chumvi. Na usiniangalie hivyo." Mabinti wa jirani zetu wana shangazi wanaowasuka nywele na kuwapa siri. Mimi wangu ananifundisha kupasua samaki, kufua mashuka, kusugua masufuria, kama vile anangoja siku nitakayofukuzwa. Hanipendi. Nimeshazoea.

Septemba 22

Sheria ya leo: mume wa Kirumi aliyemkuta mkewe amekunywa divai aliweza kumpiga mpaka afe, na asishtakiwe na mtu. Nilimsomea Shangazi wakati wa chakula. Aliweka kikombe chake mezani taratibu. "Huyo mume angenipata mimi," alisema, akajimiminia kingine.

Septemba 27

Sijui niandike vipi.

Baba alinisomesha asubuhi barua ya rafiki yake mmoja aliyeishi Roma ujanani. Mle mna habari ya desturi iliyodumu huko mpaka zama za babu zetu. Mwanamke aliyekamatwa katika uzinzi hawakumpiga, hawakumfunga. Walimfungia katika kibanda, wakamwachia wanaume waingie, na kila mwanaume alipokuwa ndani, watu wa nje walipiga kengele, ili mtaa wote ujue kinachotendeka saa ile. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu ya kumfanya asizini.

Niliweka kalamu chini. Nilisema, "Baba, hiki si kitu cha kuandika."

"Ndicho hasa cha kuandika. Mfalme Mkristo alikifuta. Alivunja vile vibanda. Asipojua mtu kilichofutwa, atamshukuruje Mungu kwa kilichokuja?"

Nikaandika. Mistari imepanda kama inakimbia ukurasa. Baba hakuona, bila shaka. Aliniuliza kwa upole kama nimechoka, akanitafuta kichwa kwa mkono wake akakipapasa, kama alivyokuwa akinifanyia nilipokuwa mdogo. Nilimshukuru Mungu kwamba nimezaliwa sasa wala si zamani zile, na kwamba niliangukia mikononi mwa mtu kama huyu.

Maana mimi sikuzaliwa humu. Niliokotwa. Kila mtu mtaani anajua, nami nimejua tangu nilipoanza kujua lolote: Baba na Shangazi walikuwa wanatoka kanisani, wakasikia kitu kinalia nyuma ya karakana ya dobi, juu ya taka, kimefungwa ndani ya nusu ya kanzu. Nusu hiyo ninayo mpaka leo. Sijawahi kuona aibu. Wengine wamepewa baba na bahati tu, mimi wangu aliinama akanichukua.

Oktoba 3

Baridi. Baba anakohoa.

Oktoba 7

Kijana mchonga mihuri, Hesikio, amerudi na pete ya Baba. Ni mara ya nne. Pete hiyo haikuwa na ubovu wowote tangu mwanzo. Mara ya kwanza alisema jiwe limelegea, mara ya pili akasema limekaza mno.

"Samaki aliyechongwa hapa," nilimwambia, "sasa anafanana na bata."

Aligeuka mwekundu mpaka masikioni. "Basi nitairudisha dukani, bibi Anthusa. Nitamtoa mdomo."

"Itakuwa mara ya tano."

"Mimi hata kumi sichoki."

Alipotoka nilikaa naitazama kalamu kama sijawahi kuiona. Baba akauliza, "Mbona umetulia?" Nikasema natafuta nilipoishia. Wino ulikuwa umekauka kabisa.

Oktoba 16

Mama yake Hesikio amekuja. Anaitwa Eufrasia, mjane, ana kidevu cha watu wanaojua wanachotaka. Alileta tini zilizopikwa kwa asali na hakuzunguka sana. Mwanawe ananitaka. Baba alifurahi, aliita divai, alisifu mwandiko wangu kana kwamba ndicho kitu ambacho mama mkwe hutafuta.

Eufrasia akangoja amalize. Kisha akasema, "Bwana Filagrio, wewe ni mtu wa sheria, hutachukia nikikuuliza. Watu wote wanasema huyu ni mlelewa wenu. Sasa, mlelewa wa namna gani?"

"Mlelewa wangu," Baba alisema akicheka. "Nimemlea mimi."

"Hilo nimelisikia. Nauliza wa namna gani."

Nilimwona Shangazi akiinua macho kutoka kwenye sufu yake, akamkazia kaka yake kama mtu anayeona kikombe kimekaa ukingoni mwa meza. Baba alisema karatasi zipo, kila kitu kipo kwa utaratibu, na mambo ya karatasi yatakuja wakati wake. Eufrasia akashukuru, akaondoka na bakuli lake.

Oktoba 17

Nimekasirika usiku kucha. Lile neno letu lina milango miwili. Mlelewa ni mtoto uliyemlea ukamfanya wako. Mlelewa pia ni mtumwa aliyekulia nyumbani mwako, anayejua mikunjo ya mashuka yako. Watu hulitumia kwa mapenzi kwa wote wawili, wala hakuna anayeuliza, kwa sababu kuuliza ni kutukana. Na huyu mwanamke ameuliza mbele yangu, tini iko mdomoni.

Nilimwambia Baba, "Ungemjibu moja kwa moja kwamba mimi ni binti yako."

"Mwanangu," alisema, "wakili hajibu kitu ambacho hakijawekwa mezani kwa maandishi."

Ameniita mwanangu. Nikaridhika, mjinga mimi.

Oktoba 25

Tumeingia katika sheria za wafalme wetu wenyewe. Nilidhani kuanzia hapa tutapumua. Baba amepata kwa rafiki nakala ya kile kitabu kikubwa cha sheria kilichotolewa mwaka huu, namsomea kipande baada ya kipande naye anachagua. Leo nilisoma ya yule mfalme wa kwanza Mkristo, yule yule tunayewasha mishumaa kwa ajili yake. Anasema yaya akimshawishi msichana atoroke na mwanaume, mdomo wa yaya huyo uzibwe kwa kumiminwa risasi iliyoyeyushwa.

Nilisoma mara mbili, nikidhani nimekosea neno.

"Ruka hiyo," Baba alisema.

"Mbona ya kengele hatukuruka?"

"Ile ilikuwa ya wapagani. Hii haisaidii hoja ya kitabu. Endelea."

Siku zote nilidhani historia ni kile kilichotokea. Kumbe kuna mtu ameketi kitini na shuka magotini anasema ruka hiyo.

Oktoba 30

Mvua na upepo wa kaskazini. Hesikio ameleta pete. Bata amekuwa samaki tena.

Novemba 5

Nitaandika yote, polepole, kwa utaratibu, kwa sababu kichwa changu hakitaki utaratibu.

Baba leo aliamka na nguvu. Alisema tumefika mahali pazuri kuliko pote katika kitabu cha tano, mahali patakapomfanya msomaji alie. Akataka ile sheria ya watoto wanaotupwa. Nikaitafuta, nikasoma kwa sauti.

Inasema hivi: yeyote atakayemwokota mtoto, wa kiume au wa kike, aliyetupwa nje ya nyumba kwa kujua na kutaka kwa baba yake au bwana wake, akamlea kwa chakula chake mwenyewe, ana haki ya kumweka katika hali ile aliyoitaka yeye alipomchukua, yaani kama mwanawe au kama mtumwa, vyovyote atakavyopenda. Na aliyemtupa hana haki ya kumdai.

"Umeona huruma hiyo?" Baba alisema. "Zamani baba aliyemtupa mtoto aliweza kurudi baada ya miaka ishirini akamchukua. Mtu alihofu kuokota. Mfalme akaondoa hofu hiyo. Andika: na watoto wangapi wanaishi leo kwa ajili ya neno hilo moja!"

Mimi nilikuwa bado pale kwenye vyovyote atakavyopenda.

"Baba, mtoto mwenyewe haulizwi?"

"Ni mchanga, Anthusa. Ataulizwa nini?"

"Na akikua?"

"Hali aliyowekwa ndiyo hali yake. Sheria haipendi watu wanaoelea."

"Na huyu aliyeokotwa watu wanamwitaje?"

"Mlelewa."

"Yupi? Yule wa kwanza au yule wa pili?"

"Wote wawili. Ni neno la nyumbani, si neno la sheria." Akatabasamu kuelekea dirishani, akidhani niko upande ule. "Ndiyo maana nimekwambia siku zote, jihadhari na maneno ya nyumbani ukiandika historia."

Nilitaka kumuuliza, na mimi je? Ni jambo la ajabu, miaka kumi na tisa nimekaa na swali hilo kwenye paja langu kama paka, nikilipapasa, wala sijajua kuwa ni swali.

Novemba 6

Sikuuliza.

Novemba 7

Sikuuliza. Jodari wamekwisha.

Novemba 9

Nilimuuliza Shangazi, tukiwa tunakunja mashuka. "Shangazi, hati yangu ilisemaje?" Aliliachia shuka, upande wake ukaanguka sakafuni. Shangazi hajawahi kuangusha shuka. Akasema, "Muulize aliyeiandika," akaenda jikoni, nikamsikia akigonga vyungu kama anavitafutia kosa.

Novemba 12

Sikuhitaji kuuliza. Amenituma mwenyewe.

Baba alikuwa anataka kuonyesha kwamba sheria ya baadaye iliongeza ulinzi: mwokotaji apate sahihi ya askofu, ili mtu asije akasema mtoto aliibwa. Alitaka maneno kamili ya sahihi kama hiyo. "Tunayo hapa nyumbani!" alisema, akipiga goti kwa furaha. "Nenda kwenye sanduku la mwerezi, chini kabisa. Kuna hati yako. Nisomee tunakili mwisho wake."

Nilikwenda. Nilitoa kila kitu kilichokuwa juu. Hati ni ndogo kuliko kiganja changu, imekunjwa mara tatu, ina muhuri wa samaki.

Nilirudi nikakaa penye kiti changu. "Soma," akasema. Nikasoma kwa sauti ile ninayomsomea kila kitu, sauti ya kitabu:

"Mimi Filagrio, wakili, nimemwokota mtoto wa kike aliyetupwa nyuma ya karakana ya dobi, siku ya Bwana, nami nitamlea kwa chakula changu, nikitaka awe mtumwa wangu. Na mimi askofu nimeona nikatia sahihi."

"Vizuri," Baba alisema. "Nakili ile ya askofu tu."

Sikunakili. Nilingoja. Nilisema moyoni, sasa atasikia alichokisikia. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri mkwaruzo wa kalamu. Ulipokosekana akasema, "Umeisha wino?"

"Baba, imeandikwa mtumwa."

"Ndiyo."

"Mimi."

Nitasema haki: alipauka. Alinyosha mkono kunitafuta na mimi nikarudisha kiti nyuma, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Anthusa, sikiliza. Lilikuwa ni jambo la siku ile. Mke wangu alikuwa hai, tulikuwa bado tunategemea kuzaa. Nikikuandika mwana, umeshakuwa mwana, huwezi kufutwa. Nikikuandika mtumwa, ninaweza kukuacha huru siku yoyote. Wakili huandika kile kinachoweza kufunguliwa baadaye. Nilikuachia mlango wazi."

"Nani mwenye ufunguo?"

"Maneno gani hayo? Je, umelala njaa? Umepigwa? Nimekufundisha kusoma, jambo ambalo mabinti wa maseneta hawana! Nilikuwa nimeshasahau hata kilichoandikwa."

Hilo ndilo lililonichoma. Kama angekuwa ananificha, ningejua kwamba jambo hilo lilimuuma mahali fulani. Amesahau. Miaka kumi na tisa nimemwita Baba, na kila mara aliitika, na hakuwahi kukumbuka kwamba kuna karatasi inayosema asiitike.

Mwishowe niliinakili ile sahihi ya askofu. Ukurasa uko mbele ya karatasi hii, mwandiko mzuri kabisa. Sielewi mkono wangu ulitii nini.

Novemba 13

Sikushuka. Shangazi ndiye aliyepanda, na uji wa shayiri, akakaa kitandani pangu, jambo ambalo hajawahi kufanya.

"Ni mimi niliyekusikia unalia," alisema. "Yeye alisema ni paka. Tulipokufikisha nyumbani nikamwambia, mwandike mwana. Tulipigana, mimi na yeye, siku tatu. Nikamwambia kila Pasaka, badilisha. Akasema mwaka ujao. Kila Pasaka, Anthusa. Akifa yeye, mrithi wake ni binamu yetu wa Nikomedia, ambaye angeuza hata bawaba za mlango."

"Ndiyo maana hukunipenda."

"Nini?" Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. "We mtoto una akili kweli? Ulidhani nakushikisha kisu cha samaki kwa chuki? Msichana anayejua kuandika tu, akipigwa mnada, nani ajuaye atakwenda wapi, na kwa kazi gani. Anayejua kupika ananunuliwa na mke wa mtu, anakwenda jikoni, analala na ufunguo mlangoni. Nilitaka, ukiuzwa, uuzwe jikoni."

Akaanza kulia, uso wote mzima, bila kujifunika. Mimi nilikaa na bakuli mikononi. Miaka yote hiyo nilikuwa nahesabu upendo katika nyumba hii, na nimekosea kila tarakimu. Nilimshika. Ananuka vitunguu na chumvi. Tulikaa hivyo mpaka uji ukaganda.

Novemba 20

Mvua.

Novemba 24

Eufrasia ameletewa habari na Shangazi, bila kupambwa. Akajibu kwamba yeye ni mjane wa mchonga mihuri, si mjane wa seneta, na mwanawe hali wala halali. Lakini mtumwa haolewi kwa sheria, na watoto wangekuwa mali ya Filagrio. Kwa hiyo niwe huru kwanza. Namheshimu. Ndiye mtu pekee aliyeuliza.

Desemba 2

Baba ameamua. Atanipeleka kanisani, aniache huru mbele ya askofu na waumini, kama yule mfalme wa kwanza Mkristo alivyoruhusu. Amekuwa mchangamfu kama mtu anayeandaa arusi. Ametaka ichukuliwe kanzu yake nyeupe ikafuliwe. Anasema itakuwa siku ya Epifania, kanisa litakuwa limejaa.

Nilimwambia, "Nifanye binti."

"Haiwezekani sasa. Hati imeshasema. Sheria inataka hali ibaki ile iliyochaguliwa, ndiyo maana ni sheria nzuri. Na nikikufanya mwana baada ya kukuacha huru, binamu watafungua kesi mpaka mifupa yangu ioze. Utakuwa huru, Anthusa! Unataka nini zaidi ya huru?"

Alikuwa anauliza kweli. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, unangoja jibu. Niligundua kwamba mtu huyu, anayeweza kueleza makosa ya wafalme ishirini, hana mahali ndani yake pa kuweka jibu langu.

Desemba 9

Leo alisema ombi kwa askofu nami nikaliandika. "Mtumwa wangu Anthusa." Alipofika hapo sauti yake ilijikwaa, kisha akaendelea. Hataliona. Atalipiga muhuri pale nitakapomwekea kidole. Ningeweza kuandika binti yangu, herufi chache tu, na askofu angesoma binti yangu.

Nilishika kalamu mpaka wino ukadondoka. Kisha nikaandika alivyosema. Nikiliandika mwenyewe litakuwa langu tu. Nililitaka kutoka kwake.

Desemba 10

Doa lile limeharibu nakala. Nimeandika upya. Hii hapa ndiyo iliyoharibika.

Desemba 18

Theluji. Baba anakohoa sana, Shangazi anamchemshia asali. Namsomea kama kawaida. Tumerudi kwenye sura ya kengele, anataka kurekebisha. Amesema, "Ongeza: namna gani watu wale hawakuona walichokuwa wakikifanya?" Nikaongeza.

Desemba 26

Nimemuuliza tena, mara ya mwisho. Sikuomba hati, niliomba tu kwamba siku ile kanisani, kabla ya kusema maneno ya sheria, aseme neno moja la kwake. Alinipapasa kichwa. "Maneno kanisani yana mpangilio wake, mlelewa wangu. Ukiyachanganya, tendo zima linabatilika."

Januari 6

Kanisa lilijaa, kama alivyotaka. Mishumaa, watu wametoka kuchota maji ya Epifania, sakafu imelowa. Hesikio na mama yake walisimama karibu na nguzo. Shangazi alinivalisha kitambaa chake cha kichwa, cha pekee alicho nacho kizuri.

Nilimwongoza Baba mpaka mbele. Naandika Baba kwa sababu mkono umezoea. Shemasi alisoma ombi, mwandiko wangu, sauti yake. Askofu akauliza, "Huyu ni nani?"

Nilikuwa nimemshika mkono. Nilimbana vidole. Nilisema kimyakimya, nikimtazama yale macho yaliyofunikwa, sema, sema kwanza, tendo libatilike, turudi nyumbani nikiwa mtumwa wako, lakini sema.

"Huyu ni mtumwa wangu Anthusa," alisema, kwa sauti yake nzuri ya barazani iliyofika mpaka mlangoni. "Namwacha huru."

Watu walipiga makofi. Mtu nyuma alisema, tazama wema huo. Baba alikuwa analia kwa furaha, machozi yanamshuka mpaka ndevuni, na najua, nitakula kiapo popote, kwamba hayakuwa ya uongo.

Kwa desturi anayeachwa huru hutoa shukrani. Shemasi aliniashiria. Nikavuta pumzi.

"Ahsante, bwana Filagrio," nikasema.

Tabasamu lake lilikaa pale pale lilipokuwa, bila kujua liende wapi. Akageuza uso kushoto, kisha kulia, sikio mbele, kama anavyofanya mgeni anapoingia bila kubisha.

"Nani huyo aliyesema?" aliuliza. "Anthusa yuko wapi?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake, mkono wangu bado uko ndani ya mkono wake.